Marehemu Kwenye Foleni ya Sabuni

Barua zenu zimefika, wasomaji, na karibu zote zinauliza jambo moja: inakuwaje mtu aambiwe amekufa ilhali amesimama mwenyewe dirishani, kapu mkononi, jasho linamtiririka?

Hata Adelina alijiuliza hivyohivyo.

“Hebu rudia,” alimwambia karani.

Apolinari, karani wa duka la mgawo pale Temeke, alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, asiyependa kelele. Aliishika ile kadi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza.

“Mama, kadi hii imefutwa. Adelina Romani, nyumba namba kumi na nne. Amefariki kwa kipindupindu, tarehe tatu mwezi huu.”

“Adelina ni mie!”

“Wewe unasema. Karatasi inasema vingine.”

Neno kipindupindu lilikuwa limesikika. Foleni nzima ikarudi nyuma hatua mbili. Mwanamke aliyekuwa amemgusa Adelina bega akaufuta mkono wake kwenye kanga.

Ulikuwa mwaka mbaya. Kipindupindu kiliingia mjini na mvua, na serikali ikapiga marufuku chakula cha barabarani. Vitumbua vya Adelina, vilivyokuwa vikigombewa na wafanyakazi wa kiwandani kila alfajiri, vilikufa kwa tangazo moja la redio. Watalii wakaacha kuja, na vinyago vya Romani mumewe, fundi wa Kimakonde aliyesifika, vikabaki bandani vinaliwa na vumbi.

Fedha za kigeni, redio ilisema, sasa ni za dawa na maji ya dripu. Kwa hiyo sabuni na sukari zikawa za mgawo, kadi moja kwa kaya moja. Na yule asiye na kadi wala kazi inayotambuliwa alipandishwa lori, akapelekwa kijijini kulima.

Nyumbani nako maji lazima yachemke, hasa ya Margareta, binti yao wa miaka minane. Debe la mkaa lililokuwa likitosha wiki likawa la siku tatu. Ndiyo maana Romani alisema anakwenda Pugu kuchoma mkaa, na ndiyo maana alikuwa akilala huko siku tano kati ya saba.

Wiki mbili sasa alikuwa akirudi na jibu lilelile: “Sabuni hakuna dukani.” Asubuhi hii Adelina aliikuta kadi ndani ya koti lake, akaja foleni mwenyewe. Na sabuni zilikuwepo. Zilikuwa zimepangwa nyuma ya Apolinari mpaka darini.

“Karatasi hiyo imetoka wapi?” aliuliza.

Apolinari akatazama kushoto na kulia. Akapunguza sauti.

“Kambi ya wagonjwa, njia ya Ukonga. Nakala moja huja kwetu, nakala moja huenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Muulize mjumbe wako, mama. Mie naandika tu ninacholetewa.”

“Mjumbe wangu ananiona kila siku!”

“Basi,” Apolinari alisema polepole, “muulize kwa nini hakusema.”

* * *

Mzee Mwinjuma alikuwa barazani anapiga bao peke yake. Alipomwona Adelina anakuja kasi na kapu tupu, aliziachia kete mkononi zikamwagika.

“Shikamoo, Mjumbe.”

“Marahaba, mwanangu. Wazima nyumbani?”

“Mie nimekufa, Mjumbe. Nimetoka kuambiwa dukani. Ulijua?”

Mzee akajaribu kucheka. Kicheko hakikutoka.

“Adelina, haya mambo ya karatasi...”

“Ulijua?”

“Nililetewa barua,” alisema mwisho. “Nikashangaa. Jana yake tu ulinisalimu. Nikamwita mumeo. Akaniambia kambini wamechanganya majina, yeye mwenyewe atakwenda kuyanyoosha. Akanisihi nisikwambie, maana utashtuka bure.”

“Na wewe ukakubali?”

Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa wazi, na Adelina aliona juu ya kitanda vipande viwili vya marekani nyeupe, mpya, ambayo bado haijafuliwa. Mtaa mzima ulijua nguo hiyo hutolewa wapi siku hizi. Ilikuwa ni sanda, ikigawiwa na serikali kwa waliofiwa tu.

“Hiyo ni sanda yangu, Mjumbe?”

“Ilibaki,” mzee alinong'ona. “Mumeo alisema imebaki.”

Mzee huyu ndiye aliyemshika Adelina mkono siku alipofika kutoka Newala, akamwonyesha bomba la maji na njia ya sokoni. Huyu ndiye aliyemwandikisha kisomo cha watu wazima. Alimfundisha kuandika jina lake, kisha akauza jina hilohilo kwa yadi chache za nguo.

“Sanda haibaki kama hakuna maiti,” alisema. “Kuna mtu kazikwa. Nani?”

“Wallahi sijui, mwanangu. Hapo sikuuliza.”

* * *

Kambi ilikuwa ghala la zamani la pamba, limezungushiwa kamba na chokaa. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka. Adelina alipata lifti ya lori la mchanga mpaka karibu, akamalizia kwa miguu juani, akasimama nje ya kamba akapaza sauti.

Muuguzi aliyekuja alikuwa mwanamke mrefu, macho mekundu kwa uchovu, mabuti ya mpira mpaka magotini. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa kalamu kwenye aproni: Kokuberwa.

“Unamtafuta mgonjwa?”

“Namtafuta marehemu, sista. Adelina Romani.”

“Pole sana. Wewe nani wake?”

“Mie ndiye Adelina Romani.”

Kokuberwa akamtazama usoni muda mrefu, na Adelina akaona ule uso unabadilika.

“Mungu wangu,” muuguzi alisema. “Mmefanana.”

“Na nani?”

“Ngoja.”

Alirudi na daftari kubwa. Hakulipitisha nje ya kamba. Alilifungua tu, akalishika juu ili Adelina asome mwenyewe. Na Adelina akasoma, herufi moja moja, kama darasani. Jina lake. Namba ya kadi yake. Mahali alipochukuliwa mgonjwa: Kinondoni, nyumba ya Leonardi. Aliyemleta: mume.

“Kinondoni?” alisema. “Sie hatuna mtu Kinondoni.”

“Gari la wagonjwa lilimchukua huko. Mumewe akapanda naye, ameishika kadi juu kama tiketi. Unajua wasio na kadi wanavyoogopa kuja hapa, wakipona tu wanangojwa na lori. Mwanamke wa watu alikuja amechelewa. Hatukuweza, mama. Tulijaribu dripu nne.”

“Alikuwaje, huyo mwanamke?”

“Mdogo kuliko wewe. Miaka ishirini na kitu. Mwembamba. Mkono wa kushoto ana kovu jeusi, toka hapa mpaka hapa.” Kokuberwa akajigusa kiganja na kifundo. “Si moto wa kawaida. Ngozi imeliwa kama kwa tindikali.”

Adelina akaishika kamba ya kambi kwa mikono miwili.

Aliujua mkono huo. Aliuunguza yeye mwenyewe, wakiwa watoto Newala, siku waliyobangua korosho za mama na yeye akayamwaga maganda yanayochemka mafuta bila kuangalia nani yuko karibu. Alilia yeye kuliko aliyeungua.

“Sesilia,” alisema.

“Unamjua?”

“Mdogo wangu. Tumbo moja.”

Ni Adelina aliyemleta Sesilia mjini kujifunza kushona. Ni Romani aliyemrudisha, mwaka mmoja uliopita, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo. Alimsindikiza mwenyewe kituo cha mabasi, akarudi akasema, “Amepata siti ya dirishani.” Adelina alimshukuru kwa wema huo.

Kumbe basi lile liliishia Kinondoni.

“Kuna jambo,” muuguzi alisema, na sauti yake ikawa ndogo. “Asubuhi ile yote alikuwa akiita ‘dada, dada’. Nilidhani ananiita mimi. Nikamwitikia, nipo hapa. Akatulia. Nikaona fahari kwamba nimemtuliza.”

Adelina hakulia. Alitaka kulia kwa ajili ya mdogo wake, hasira ikayakausha machozi. Alitaka kumlaani, huzuni ikamzuia ulimi. Alisimama pale juani, kinywa wazi, mpaka Kokuberwa akamwomba aketi chini.

“Na mume?” alisema hatimaye. “Alilia?”

“Alilia sana.”

Siku ya tarehe tatu Romani alirudi nyumbani macho yamevimba. Alisema ni moshi wa tanuri la Pugu. Adelina alichemsha maji, akatumia mkaa wa mwisho uliobaki ndani, akamwosha macho yale kwa kitambaa safi, taratibu, asimuumize.

* * *

Nyumba ya Leonardi haikuwa ngumu kuipata. Ndiyo pekee mtaani iliyokuwa na alama ya chokaa mlangoni. Mke wa mwenye nyumba, mama mmoja wa bara aitwaye Tekla, alikuwa anaanika dagaa kwenye gunia.

“Karibu, mama. Oo, pole sana! Wewe ni dada wa mke wa Romani? Sura ileile!”

“Ndiyo,” Adelina alijibu. “Ni dada yake.”

“Alikuwa mtu mwema yule. Na mumewe alivyompenda! Mgawo wa sabuni alimletea yeye, mkaa alimletea yeye. Wengine hapa tulikuwa tunaona wivu, sie waume zetu hata kibiriti hawaleti. Yupo ndani. Pita tu.”

Adelina aliusukuma mlango bila hodi.

Romani alikuwa ameketi sakafuni anafunga mizigo. Nyuma yake kulikuwa na magunia mawili ya mkaa, yamejaa. Juu ya sanduku, sabuni za mche nne. Na kando ya dirisha, chini ya shuka la maua, cherehani. Cherehani cha Adelina mwenyewe, kile alichoambiwa kimeuzwa mjini ili wapate chakula cha mwezi mbaya.

Mume na mke wakatazamana.

“Mama Margareta,” Romani alisema. “Nilikuwa nije nikwambie.”

“Lini? Arobaini yangu ikipita?”

“Nisikilize...”

“Miezi mingapi?”

“Haikuwa hivyo unavyofikiri. Ilianza tu. Alikuwa ameshafika kituoni, akalia, hataki kurudi Newala, nikasema nimtafutie chumba wiki moja...”

“Mie na mtoto tulikuwa tunanawia majivu, Romani! Margareta alihara siku tatu, nikakaa naye mapajani namhesabia pumzi. Nikakuomba sabuni. Ukaniambia hakuna dukani. Ilikuwa hapa!”

“Alikuwa mgonjwa tayari. Hana kadi. Ningemwacha afe?”

“Amekufa.”

Romani akafunika uso. Mabega yake makubwa ya fundi yalitikisika, na Adelina, kwa aibu yake mwenyewe, aliona mkono wake unataka kunyooka kumshika. Akaurudisha.

“Ungekuja kwangu,” alisema. “Ungesema Sesilia anaumwa. Ningempa kadi kwa mkono wangu. Ningembeba mgongoni mpaka Ukonga. Mngenidhihaki baadaye, lakini angekufa ananiona. Alikuwa ananiita, unajua? Alikuwa anaita dada.”

“Najua. Nilikuwepo.”

“Na ukanyamaza.”

Nje Tekla aliwafukuza kuku kwenye dagaa.

Kisha Romani akafanya jambo ambalo Adelina hakulitegemea. Alipangusa machozi, akaingiza mkono ndani ya mzigo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Kibali cha kusafiri,” alisema. “Mjane wa kiume anapewa, apeleke watoto kwao. Angalia wamo nani.”

Adelina akasoma. Romani. Margareta, mtoto, miaka minane. Na jina la tatu: Sesilia, shemeji, mwangalizi wa mtoto.

“Sesilia yuko chini ya udongo.”

“Kwenye karatasi yu hai. Aliyekufa ni wewe.” Alisema haraka, macho yanang'aa. “Hebu fikiri. Vitumbua hakuna. Vinyago hakuna. Hapa mjini tunakula nini? Kesho kutwa kuna lori la kusini. Tunakwenda zetu Newala, sie watatu. Kule nani anauliza kadi? Wewe utakuwa Sesilia njiani tu.”

“Na Newala? Mama yangu akiniuliza mdogo wangu yuko wapi, nimwambie ndiye mie?”

“Tutasema...”

“Umeniua, Romani, umenizika, umeigawa sanda yangu. Sasa unataka nivae jina la mwanamke uliyemzika kwa jina langu?” “Kesho asubuhi nakwenda Ofisi ya Mgawo. Nitasema mie ni Adelina, na aliyekufa ni Sesilia Albano, na kaburi lake liandikwe jina alilopewa na baba yetu. Basi.”

“Watanifunga! Kutumia kadi ya mwingine wanaita hujuma. Nitalala gereza la Ukonga!”

“Utasema ulichanganyikiwa. Mtu alikuwa anakufa. Wataelewa.”

Romani akapiga magoti. Romani huyo, ambaye hakuwahi kumpigia magoti hata padri.

“Basi tufuatane,” alisema. “Nitasimama pale mwenyewe niseme kweli. Nakuapia kwa mtoto wetu. Kosa ni langu, na mdomo wangu ndio utakaolisafisha. Usiende peke yako.”

Adelina akamtazama. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka kumi. Aliyajua magonjwa yake, na nyimbo anazopiga mluzi akiukata mpingo. Alitaka sana, wasomaji, baada ya siku kama ile, kuwe na jambo moja tu la kuamini.

Akaamini.

* * *

Asubuhi Romani aliamka kabla yake. Akasema anampeleka Margareta bombani wakanawe, kisha watapitia dukani wapate mkate, wakutane ofisini. Alikuwa amechana nywele za mtoto mwenyewe, kwa upole, jambo alilofanya mara chache. Alichomwambia mtoto njiani, Adelina hakukisikia.

Mbele ya Ofisi ya Mgawo lori lilikuwa linanguruma tayari. Watu kumi na watano hivi walikuwa wameketi juu yake na vifurushi vyao, hawasemi. Mgambo wawili walisimama kwenye ngazi.

Afisa aliitwa Gaudens. Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, mezani ana majalada mpaka kidevuni. Hakuwa mkatili. Alimpa Adelina kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, na aliposikia habari ya dada kuitwa kitandani, akaiweka kalamu chini.

“Ndugu yangu,” alisema, “mimi nataka kukuamini. Lakini nina kaya elfu tatu na sabuni za kaya elfu mbili. Kila siku mtu anaingia hapa na jina la marehemu anataka kula mgawo wake. Jana nilikuwa na mwanaume mmoja aliyekuwa watu wanne. Una shahidi?”

“Mjumbe wangu. Na mume wangu. Anakuja sasa hivi kusema mwenyewe.”

Mzee Mwinjuma aliitwa kutoka barazani. Aliingia akiwa ameshika kofia. Hakumtazama Adelina.

“Mjumbe, unamfahamu mama huyu?”

“Namfahamu kwa sura.”

“Ni Adelina wa nyumba namba kumi na nne?”

Barua ya kifo mzee alikuwa ameipokea kwa saini yake, na akanyamaza nayo siku tisa. Marekani ilikuwa bado kitandani kwake. Akisema ndiyo, ataulizwa yote mawili.

“Walikuwa ndugu wawili, Bwana Afisa. Wanafanana sana hawa. Na macho yangu siku hizi... siwezi kuapa.”

“Mjumbe!” Adelina aliruka kitini. “Ulinishika mkono kunifundisha kuandika!”

“Siwezi kuapa, mwanangu,” mzee alirudia, na kofia ikazunguka mikononi mwake.

Gaudens akaandika kitu. Adelina akatazama mlango. Na hapo, kwa namna moyo ulivyomruka, alijua kwamba bado anampenda yule mtu: Romani alikuwa anaingia, mrefu, kanzu safi, amemshika Margareta mkono.

“Huyo hapo!” alisema. “Muulize yeye!”

Gaudens akanyoosha karatasi mbili mezani.

“Ndugu Romani. Kabla hujasema, nikusomee kanuni. Aliyetoa kadi yake kwa mwingine na aliyeitumia, wote wana kosa moja, na kosa hilo haliishii hapa ofisini. Linakwenda mahakamani. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

“Mama huyu anasema yeye ni mkeo Adelina, na kwamba aliyezikwa ni mdogo wake. Ni kweli?”

Romani alimtazama mkewe. Macho yake yalikuwa yamevimba, safari hii bila moshi wowote wa kusingizia. Adelina akamtikisia kichwa, kumpa moyo: sema, yataisha.

“Hapana,” Romani alisema.

Injini ya lori nje ilikohoa, ikazimika.

“Mke wangu nilimzika tarehe tatu. Huyu ni shemeji yangu, Sesilia. Amechanganyikiwa kwa msiba, Bwana Afisa. Tangu dada yake afe anajiita kwa jina lake. Nina kibali hapa, nataka kumrudisha kwa mama yake Newala, lakini hataki.”

Akaiweka mezani ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

Adelina alikuwa anasubiri, kama mpumbavu, mumewe amalizie, aseme “lakini ukweli ni kwamba”. Romani hakumalizia. Alikuwa anatazama sakafu.

“Kama hataki kibali,” mgambo mmoja alisema kutoka mlangoni, “huyu hana kadi wala kazi. Wa lori huyo.”

“Subiri,” Gaudens alisema.

Alikuwa anaitazama ile karatasi, kisha Romani, kisha yule mwanamke aliyesimama kama aliyepigwa rungu. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga. Akasukuma kiti chake, akaizunguka meza, akachuchumaa chini mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

“Unaitwa nani, mwanangu?”

“Margareta.”

“Unasoma darasa la ngapi?”

“La pili.”

“Mtoto wa darasa la pili hadanganyi, sivyo? Usimtazame baba. Nitazame mimi. Huyu mama hapa ni nani?”

“Mwanangu,” Adelina alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana machozi yakamtoka, kwa furaha, maana sasa imekwisha, sasa hakuna wa kudanganya tena. “Mwambie, mama. Mwambie tu.”

Margareta alimtazama mgambo. Alizitazama pingu zilizoning'inia kiunoni mwa mgambo. Akamtazama mama yake toka miguuni mpaka usoni, na kidevu chake kidogo kikaanza kutetemeka.

Kisha akauachia mkono wa baba, akasogea hatua moja, akapiga goti kama alivyofundishwa nyumbani kuwaamkia wakubwa.

“Shikamoo, mama mdogo.”